Hawakuwa Usingizini: Juu ya Dola Zilizoanguka na Imani Iliyobaki





Alhamisi iliyopita, baada ya sala ya jumuiya katika mtaa mmojawapo wa hapa kwetu Nyakato, kijana mmoja aliyehitimu kidato cha sita aliomba ruhusa ya kuuliza swali. Alitoa simu yake, akatusomea muhtasari mfupi wa Kiswahili aliotumiwa na rafiki yake. Muhtasari huo ulisema mambo mawili. La kwanza, kwamba mwanahistoria mashuhuri wa Kiingereza, Edward Gibbon, alithibitisha kuwa Ukristo ndio ulioiangusha dola ya Kirumi. La pili, kwamba mwanahistoria huyo huyo alionyesha jinsi Waafrika wa kwanza kuupokea Ukristo, yaani Waethiopia, walivyolala usingizi wa miaka elfu moja. Kisha kijana akaniuliza kwa heshima: “Padre, ikiwa imani hii iliidhoofisha Roma yenye majeshi, na ikiwa Waafrika waliotutangulia kuipokea walilala, sisi tunaoishika leo tunategemea nini?”

Wazee wakanyamaza. Mama mwenyekiti wa jumuiya akamwambia, “Mwanangu, hayo si ya kuuliza hapa.” Kwa heshima zote kwa mama yetu huyo, nilisema, na leo narudia, kwamba hayo ndiyo hasa ya kuuliza hapa. Mkristo anayezuiwa kuuliza jumuiyani atakwenda kuuliza kwingine, na huko atajibiwa na yeyote mwenye simu. Niliahidi kujibu kwa maandishi, nami natimiza ahadi yangu. Nawaomba mniwie radhi ikiwa tafakari ya juma hili itakuwa ndefu kuliko kawaida, na ikiwa lugha yangu itakuwa kali mahali fulani. Ukali huo simkusudii kijana wetu.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Gibbon hakuwa mtu wa mchezo. Alizaliwa mwaka 1737 nchini Uingereza. Mwaka 1753, akiwa kijana wa miaka 16 mwanafunzi wa Oxford, aliingia katika Kanisa Katoliki. Baba yake alihamaki, akampeleka Lausanne, Uswisi, akae chini ya mchungaji wa Kikalvini. Na ilipofika Noeli ya mwaka 1754 kijana alikuwa amekwisha kurudi Uprotestanti. Kwa maneno mengine, mtu huyu alikuwa mwana wa nyumba yetu kwa muda wa mwaka mmoja na nusu hivi. Mwenyewe anasimulia kwamba wazo la kuandika kitabu chake lilimjia Roma tarehe 15 Oktoba 1764, alipokuwa ameketi jioni katikati ya magofu ya Kapitolio, akiwasikia watawa pekupeku wakiimba Masifu ya Jioni mahali palipokuwa na hekalu la miungu ya kale. Jioni ile iliuzaa mfululizo wa mabuku sita juu ya kudhoofika na kuanguka kwa dola ya Kirumi, la kwanza mwaka 1776 na ya mwisho mwaka 1788. Kanisa letu lilikitia kitabu hicho katika orodha ya vitabu vilivyokatazwa mwaka 1783. Orodha hiyo iliondolewa mwaka 1966, na mimi ni miongoni mwa wanaoona kwamba kitabu kinachotushtaki heri tukisome na kukijibu kuliko kukifungia kabatini.

Basi na tumsome. Ni kweli kwamba Gibbon anaishtaki imani yetu. Anasema mapadre walihubiri uvumilivu hata ushujaa ukafa. Kwamba mali ambayo ingewalipa askari ilimezwa na sadaka na monasteri. Kwamba magomvi ya maaskofu juu ya mafundisho yaliligawa taifa. Lakini katika kurasa zile zile anasema pia kwamba chanzo kikubwa cha anguko ni ukubwa wa dola yenyewe uliopita kiasi, na kwamba la kustaajabisha si kuanguka kwake bali ni kudumu kwake kwa muda mrefu namna ile. Na zaidi ya hayo, anakiri kwamba Ukristo uliupunguzia ukali mshindo wa anguko, kwa kuwa mataifa yaliyoishinda Roma yalikuwa yamekwisha kuguswa na Injili. Hayo mawili muhtasari wa simu haukuyataja. Huo ndio udhaifu wa kwanza wa elimu ya muhtasari: hukupa hukumu bila mwenendo wa kesi.

Shtaka lenyewe ni kongwe kuliko Gibbon. Mwaka 410, majeshi ya Alariko yalipoiteka na kuipora Roma, wapagani walisema mara moja: tumeiacha miungu ya mababu, tazameni yaliyotupata. Aliyewajibu hakuwa mtu wa Ulaya. Alikuwa Mtakatifu Augustino, Askofu wa Hippo, mwana wa Thagaste katika nchi tunayoiita leo Algeria. Alianza kuandika mwaka 413, akamaliza mwaka 426, vitabu 22 juu ya Mji wa Mungu. Kiini cha jibu lake ni hiki: miji ya wanadamu husimama na kuanguka, na Roma ilikuwa imepatwa na maafa mengi hata ilipokuwa ikiitumikia miungu yake, lakini mji wa Mungu haukujengwa juu ya ukuta wa Roma, kwa hiyo hauanguki pamoja nao. Augustino alifariki tarehe 28 Agosti 430, Wavandali wakiwa wameuzingira mji wake. Aliyaandika yale akijua vizuri vita ni kitu gani.

Tena, kama imani ingekuwa ndiyo sumu, aliyekunywa nyingi zaidi angekufa mapema zaidi. Mkono wa magharibi wa dola ulikoma mwaka 476. Mkono wa mashariki, uliokuwa wa Kikristo kwa kina zaidi, uliojaa monasteri, uliogombana juu ya mafundisho kila kizazi, ulidumu hadi mwaka 1453. Ni karibu miaka elfu moja zaidi. Daktari anayedai kujua sumu hana budi kutueleza jambo hilo.

Lakini mimi sitaki kumjibu kijana wetu kwa Roma na Konstantinopoli peke yake. Afrika ya Mashariki ilikuwa na dola yake iliyobatizwa zama zile zile, na Gibbon ameiandika pia. Namaanisha Aksum, katika nyanda za juu za kaskazini mwa Ethiopia. Hapo ndipo mashtaka yake yote mawili yanapoweza kupimwa.

Katika karne ya 3, Mani, mwalimu wa dini kutoka Uajemi, aliihesabu Aksum miongoni mwa falme nne kubwa za dunia, pamoja na Roma, Uajemi na China. Wafalme wake walipiga sarafu za dhahabu. Bandari yake ya Adulis katika Bahari ya Shamu ilipokea meribu za Misri na za Bara Hindi. Kati ya miaka ya 330 na 350 hivi, mfalme Ezana aliipokea imani. Aliyemletea hakuja na jeshi. Alikuwa Frumensio, kijana kutoka Tiro aliyetekwa njiani pamoja na ndugu yake Edesio baada ya wenzao wa merikebuni kuuawa, akalelewa katika nyumba ya mfalme, hatimaye akaenda Aleksandria na kuwekwa wakfu kuwa askofu na Mtakatifu Atanasi. Ezana aliondoa katika sarafu zake alama ya mwezi mwandamo, akaweka msalaba. Na sarafu hizo ni miongoni mwa za kwanza duniani kuubeba msalaba. Yapata mwaka 356, Kaisari Konstansio wa Pili, aliyeegemea uzushi wa Ario, aliwaandikia watawala wa Aksum akitaka Frumensio arudishwe Aleksandria akahojiwe upya. Frumensio akabaki na kundi lake, na Kanisa la Aksum likabaki katika imani ya Nisea. Mwafrika aliyekwisha kubatizwa hakuwa mtumwa wa Kaisari.

Sasa tutumie kipimo cha Gibbon mwenyewe, kipimo cha nguvu. Je, ubatizo uliidhoofisha Aksum? Karibu miaka 200 baada ya Ezana, mwaka 523, Wakristo wa Najran, ng'ambo ya bahari huko Uarabuni, waliuawa kwa wingi kwa ajili ya imani yao. Yapata mwaka 525 mfalme Kaleb wa Aksum alivuka Bahari ya Shamu kwa merikebu zake, akaiteka Himyar, nchi tunayoiita leo Yemeni. Dola ya Aksum ilifikia upeo wa uwezo wake ikiwa imekwisha kuwa ya Kikristo kwa karibu karne mbili. Basi shtaka la kwanza linaanguka hapo hapo, mbele ya kipimo cha mshtaki.

Nanyi msidhani nasifu vita. Mapokeo ya Ethiopia yanasema kwamba Kaleb, baada ya ushindi wake, aliiachilia taji, akaipeleka Yerusalemu, akaenda kumalizia siku zake monasterini. Jina lake limo hata katika kitabu cha watakatifu cha Kanisa la Roma, kwa jina la Elesbaan. Mfalme huyo alikiona kiti cha enzi kuwa kitu kinachoweza kuachwa.

Ni nini basi kilichoiangusha Aksum? Yapata mwaka 570 Waajemi waliichukua Yemeni. Katika karne ya 7 njia za biashara za Bahari ya Shamu zikawa mikononi mwa wengine, Adulis ikawa magofu, na sarafu zikakoma kupigwa. Wataalamu waliochunguza udongo wa huko wanaongeza sababu nyingine: vilima vilivyolimwa kwa nguvu kwa ajili ya mji mkubwa, miti iliyokatwa kwa ajili ya kuni na ujenzi, mvua zilizobadilika, udongo uliochukuliwa na maji. Watu wa Mwanza hawahitaji mwalimu wa kuwafafanulia jambo hilo. Mnakumbuka mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulipofunga soko lake kwa samaki wa Ziwa Viktoria. Mnakumbuka jinsi viwanda na mialo vilivyonyamaza. Hakuna aliyesema wakati ule kwamba mialo imenyamaza kwa sababu wavuvi husali mno. Mji unaoishi kwa mlango mmoja hufa mlango huo unapofungwa. Ndivyo ilivyokuwa Adulis.

Nakuja kwenye shtaka la pili, ambalo kwangu ndilo lenye kuumiza zaidi. Katika sura yake ya 47 Gibbon anawafananisha Wakristo wa Ethiopia, baada ya Aksum kudhoofika, na watu waliopotelea usingizini kwa muda unaokaribia miaka elfu, wasio na habari ya dunia, wala dunia haina habari nao, mpaka Wareno walipofika. Wasomi wamelirudia neno hilo kwa zaidi ya miaka 200, na sasa limetua katika simu ya kijana wa Nyakato.

Waswahili husema: usilolijua ni usiku wa giza. Giza lilikuwa kwa nani? Mtu anayelala kitandani kwake mjini aweza kudhani kwamba ziwa nalo limelala. Na aende Igombe usiku usio na mbalamwezi, atazame maji: ataona taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa hata upeo wa macho kama mji mwingine. Kumbe usiku wenye giza zaidi ndio wenye kazi nyingi zaidi ziwani.

Hebu tuzihesabu taa za Ethiopia. Yapata mwaka 615, wafuasi wa kwanza wa Mtume Muhammad walipoteswa Makka, walikimbilia kwa mfalme Mkristo wa Aksum, naye akawapokea na kukataa kuwatoa kwa watesi wao. Waulizeni jirani zetu Waislamu. Watawatajia Najashi kwa heshima. Dunia gani basi iliyowasahau? Katika monasteri ya Abba Garima vimetunzwa vitabu vya Injili ambavyo vipimo vya kisasa vimeonyesha kuwa ngozi zake ni za kati ya karne ya 4 na ya 7, na ni miongoni mwa Injili zenye picha zilizo kongwe kuliko zote duniani. Kitabu cha Henoko, ambacho hakimo katika Biblia yetu lakini Mtume Yuda anakitaja katika waraka wake, aya ya 14, kilihifadhiwa kizima katika lugha ya Kige'ez peke yake. James Bruce alizileta nakala zake Ulaya mwaka 1773, miaka 15 kabla Gibbon hajachapisha sura ile, na moja iliwekwa Oxford, alikosoma Gibbon katika ujana wake. Na huko Lalibela, kati ya karne ya 12 na ya 13, watu hao wanaosemwa kuwa walilala walichonga makanisa 11 ndani ya mwamba, kuanzia paa kushuka hadi msingi. Padre Mreno Francisco Álvares aliyaona baada ya kufika nchini mwaka 1520, akaogopa kwamba akiyaeleza hataaminiwa, akaapa kwamba asemayo ni kweli. Kitabu chake kilichapishwa mwaka 1540.

Waamini Wakatoliki wanapaswa kujua jambo la karibu nasi zaidi. Nyuma ya Basilika la Mtakatifu Petro, pale Vatikano, kuna kanisa la Mtakatifu Stefano wa Wahabeshi, ambalo tangu mwishoni mwa karne ya 15 lilikuwa makao ya mahujaji na watawa kutoka Ethiopia. Mwaka 1441 wajumbe Waethiopia walifika kwenye Mtaguso wa Firenze. Mwaka 1513 Zaburi zilichapishwa Roma kwa Kige'ez. Na katika nyumba ile ya Mtakatifu Stefano aliishi padre Mwethiopia aitwaye Abba Gorgoryos. Mwaka 1649 alikutana huko na msomi Mjerumani, Hiob Ludolf, akaanza kumfundisha lugha na habari za nchi yake. Mwaka 1652 akamfuata hata Gotha, Ujerumani, kuendelea na somo. Ludolf akachapisha historia yake ya Ethiopia mwaka 1681. Na Gibbon, alipotaka kuandika juu ya Waethiopia, alimtegemea nani? Alimtegemea Ludolf. Tafakarini jambo hilo, ndugu zangu. Maarifa yenyewe ambayo Gibbon aliyatumia kuwaita watu hao wasinziaji yalitoka, kwa sehemu kubwa, kinywani mwa padre Mwethiopia. Mwalimu ameitwa msinziaji na mwanafunzi wa mwanafunzi wake.

Mtu msomi kama huyo aliwezaje kukosea namna hii? Hakukosa vitabu. Alikosa kipimo. Kwake yeye, kuwa macho ni kuwa na kiti cha enzi kinachoogopwa, merikebu, jeshi, na habari zako kusimuliwa katika miji mikubwa. Kiti kikianguka, watu wamelala. Nami nalishambulia kosa hilo kwa sababu halikuzikwa pamoja na Gibbon mwaka 1794. Tunalo hapa hapa. Mhubiri anayepaza sauti katika spika kwamba maskini ni mtu aliyelala kiroho, na kwamba gari na nyumba ni ushahidi wa Mungu kukuamsha, anatumia kipimo kile kile. Yule anayewaambia vijana wetu kwamba wazee wao hawakuwa na kitu kabla Wazungu hawajaja anakitumia. Na yule anayewaambia kwamba imani ni ya watu walioshindwa, kwa hiyo waiache, anakitumia pia, ingawa anajiona mkombozi wa Afrika. Wote watatu wamekubaliana kwamba asiye na nguvu hayuko macho. Lakini ikiwa ndivyo, yule aliyetundikwa msalabani nje ya ukuta wa Yerusalemu, bila jeshi wala bandari, tumweke wapi?

Haki inadai tujishtaki na sisi. Wakatoliki nao walikwenda Ethiopia kuwaamsha wasiolala. Padre Pedro Páez, Mjesuiti, alijifunza lugha za nchi, akaheshimu watu, akapendwa. Mwaka 1622 mfalme Susenyos aliipokea hadharani imani Katoliki. Akaja baadaye Patriaki Afonso Mendes, akataka yote yawe ya Kilatini: waliobatizwa wabatizwe upya, mapadre wapewe daraja upya, altare ziwekwe wakfu upya, kana kwamba Frumensio hakupata kufika. Damu ikamwagika. Mwaka 1632 Susenyos akairudisha imani ya mababu, akamwachia mwanawe Fasilides kiti, nao Wajesuiti wakafukuzwa. Kanisa Katoliki lilipoteza pale kwa karne nyingi kile ambacho uvumilivu wa Páez ulikuwa umeanza kukipanda. Kosa halikuwa upungufu wa imani. Lilikuwa dharau.

Na kuna njia nyingine, ambayo hatuna haja ya kusafiri kuitafuta. Shikeni barabara ya Musoma kutoka hapa Nyakato kwenda Kisesa, mpande Bujora. Wamisionari wa Afrika walipofungua misheni ya Bukumbi mwaka 1883, waliwakuta Wasukuma wakiwa na watemi wao, ngoma zao, sheria zao. Mwaka 1963 utawala wa watemi ulifutwa na serikali. Viti vile navyo vikaanguka. Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, hakusema watu hawa walilala. Alikusanya Bujora ngoma za watemi, viti vyao na zana za mababu, akazitunza karibu na kanisa lililojengwa kwa mfano wa nyumba ya Kisukuma. Na hadi leo ngoma za Bagika na Bagalu huchezwa katika Bulabo, sikukuu iliyounganishwa na sherehe ya Ekaristi Takatifu. Alijua kwamba anayeletewa Injili huwa amekwisha kuwa macho, na kwamba Mungu amefika kwake kabla ya mmisionari.

Hapo nilikuwa nimekusudia kumaliza. Lakini dhamiri imenikataza, kwa maana kuna jambo moja ambalo Gibbon amelisema na ambalo sisi tunalifanya liwe kweli. Alisema dunia haikuwa na habari na Waethiopia. Mwishoni mwa Novemba 2020, wakati wa vita ya Tigray, raia kwa mamia waliuawa katika mji wa Aksum. Mashirika ya haki za binadamu yaliyochunguza yalisema waliofanya hivyo ni askari wa Eritrea. Wengi wa waliouawa na wengi wa waliowaua walikuwa watu wa ubatizo mmoja. Ilikuwa siku mbili tatu kabla na wakati wa sikukuu ya Maria wa Sayuni, ambayo kwa kawaida huwaleta mahujaji wengi Aksum. Vita ile ilidumu hadi makubaliano ya amani ya Novemba 2022.

Miaka miwili. Nimejaribu kukumbuka ni Dominika ngapi katika miaka ile nililitaja jina la Aksum katika sala za waamini. Sikumbuki hata moja. Tuliombea mvua, tuliombea mitihani, tuliombea nchi za mbali zilizokuwa katika taarifa za habari kila jioni, na ni haki tuliziombea. Lakini mji uliopokea msalaba zaidi ya miaka 1500 kabla ya Bukumbi, katika Afrika Mashariki hii hii, ulipokuwa ukizika watoto wake, padre wenu alikuwa amelala. Sitaki kulificha neno hilo. Mimi ndimi niliyelala.

Kwa hiyo, mwanangu mpendwa uliyeuliza, jibu langu ni hili. Imani haikuiangusha Roma, wala haikuiangusha Aksum, na kuanguka kwa Aksum hakukuiangusha imani: asubuhi ya leo Misa imesomwa huko kwa Kige'ez. Unauliza tunategemea nini. Hatutegemei kiti. Tunamtegemea Yeye ambaye watu wake waliendelea kunakili vitabu, kuchonga miamba na kuwapokea wakimbizi. Lakini usiache kumsoma Gibbon. Msome mzima, na pembeni yake mweke Augustino na Abba Gorgoryos.

Na kwenu jumuiya zote: Dominika ijayo, katika sala za waamini, tutawaombea ndugu zetu wa Aksum na wa Tigray yote, pamoja na wenzao wa Eritrea, kwa majina ya nchi zao. Wazee wetu wanaokumbuka Wakristo wa kwanza wa mitaa hii na vijiji walikotoka, naomba vijana wawatembelee na daftari, wayaandike majina na habari wanazozikumbuka, kabla mtu mwingine hajatuandikia kwamba tulikuwa tumelala. Kijana aliyeuliza swali amekubali kuanza na bibi yake.

Nawatakia Dominika njema na juma lenye baraka.

Padre wenu